Neno la Chini

Kidole gumba cha Zahoro kilikuwa juu ya kitufe, na chumba kizima cha gemu pale Ukunda kilikuwa kikimtazama.

Yeye na wenzake walikuwa wakibishana tangu walipotoka sala ya Ijumaa. Mhudumu mmoja wa hoteli, mtu wa bara, alishikilia kwamba ile kampuni ya Kijapani waliyoipenda imekwisha. "Hii gemu yao mpya ni takataka, bosi. Wamebadilisha kila kitu."

"Hawajabadilisha kitu, ndugu yangu," Zahoro alijibu. "Mkono ni ule ule. Naicheza nimefumba macho."

Lakini alipotaka kuhifadhi hatua aliyofikia katika gemu hiyo mpya, televisheni iliuliza swali kwa Kijapani. Hakuna aliyejua kukisoma, ila picha ilijieleza: kadi ya kumbukumbu imejaa, je, gemu ya zamani ifutwe? Kadi ilikuwa ya yule mhudumu, na gemu ya zamani ilikuwa safari yake ya miaka miwili.

"Sema hapana," mhudumu alisema polepole.

Katika gemu zote za kampuni ile, neno la juu lilikuwa ndiyo, la chini hapana. Walikuwa wamelijua hilo kwa mazoea, kama watoto wa chuo cha Kurani wanavyohifadhi sura kabla ya kujua maana. Zahoro akafumba macho, akashuka chini, akabonyeza.

Alipoyafumbua, vijisanduku vya kadi kwenye televisheni vilikuwa vikizimika kimoja kimoja.

Mhudumu hakupaza sauti. Aliinuka, akautia mlango komeo kwa ndani.

"Haya," alisema. "Niambie tena hawajabadilisha kitu."