Taa ya Mlangoni

Kila mlango wa jengo letu una taa juu yake. Huwaka mtu akirudi nyumbani na moyo ukamwenda mbio kwa kumwona mwenzake. Isipowaka, majirani hupata la kusema.

Yetu iliwaka kila jioni. Shomari, mume wangu, aliingia akihema, shati limelowa chapachapa, nami nikimsukuma: "Bwana wee, kaoge kwanza, unanuka jasho!"

Juzi alipasuliwa goti. Leo kanirudia na magongo, kapanda kwa lifti. Nilifungua mlango, na taa haikuwaka. Jirani wa mbele alichungulia, akarudisha mlango wake polepole.

"Kumbe siku zote ulikuwa unapanda ngazi mbio?" nilimuuliza.

"Tangu tulipompoteza mtoto," alijibu, macho chini. "Sikutaka wakuseme, Zuhura."

Ghorofa ya tisa, miaka yote ile, na mimi namfukuzia bafuni.

Nikamshika mkono. Moyo ulinidunda kama siku aliponiposa. Nikainua macho, taa bado imezima. Ile husoma moyo wa anayeingia tu.