Kabati la Taa ya Buluu

Tangu kampuni ya sigara impe Tabia kabati la kioo lenye taa ya buluu aweke kibandani kwake, jirani yake wa ng'ambo ya barabara, Chausiku, alikosa raha. Kabati lilijaa sigara za umeme zenye harufu ya embe na nanasi, na wateja walivuka barabara kulifuata kama kumbikumbi. Kwenye dirisha la kibanda cha Chausiku kilining'inia kiberiti cha gesi, alichokifunga kwa uzi ili wanunuzi wa sigara mojamoja wajiwashie. Sasa kilichezewa na upepo tu.

"Ana nini yeye ambacho mimi sina?" alinung'unika.

Roho ikamuuma hata akaenda kumwambia bwana afya kwamba Tabia anawauzia wanafunzi sigara hizo. Ilikuwa kweli, lakini si huruma ya wanafunzi iliyompeleka.

Bwana afya akaja, akamkataza Tabia kuziuza. Chausiku alichungulia dirishani, moyo umetulia kama maji ya mtungini.

Mchana huohuo wakala wa kampuni akalipakia kabati kwenye mkokoteni, akavuka nalo barabara.

"Mama, wewe huna kesi na mtu. Tukuwekee wapi?"

"Hapa baba, hapa dirishani!" Chausiku akaukata uzi wa kiberiti kwa meno ili kupata nafasi.

Taa ikawaka. Ng'ambo, Tabia aliitazama kwa muda, macho makavu. Kisha akajifunga khanga kiunoni, akashika njia ya kwa bwana afya.

Wakala naye alimwona. Akamgeukia msukuma mkokoteni, akamwambia, "Usiende mbali."