Kipande Chepesi

Nyaguthii alikinyanyua kile kipande kwa mkono mmoja. Kilikuwa na vitundu kama mkate. Ni matope yaliyochotwa mtoni hapo Wang'uru, yakachanganywa na saruji na povu, yakaganda, tayari kujazia barabara.

"Ni chepesi, cucu," mhandisi wa barabara akamjigambia yule bibi kizee. "Hata mtoto anabeba."

"Naona. Mzee wangu naye alikuwa mzito, kitanda kilikuwa kinalia."

Vibarua wakaangua kicheko. Kisha wakakumbuka kuwa mto huohuo ulimbeba mumewe na haukumrudisha, wakainamia sepetu zao.

"Nipatie hiki," akasema. "Tangu mafuriko sina cha kuzika."

Mhandisi akavua kofia, akamwachia kile kipande.

Nyaguthii akakifunga mgongoni kwa leso, akakipapasa.

"Ai, mzee," akasema. "Umekonda."