Ufa wa Hondohondo

Hondohondo jike alikuwa amejifungia ndani ya shina la mti aatamie mayai, akiacha ufa wa kupitisha mdomo tu. Dume akaja na tunda, akamlisha. Wengine huliita jambo hilo upendo. Hemedi, aliyekuwa akiwapiga picha, aliliita silika.

Mwanahawa, mdogo wa mkewe, akatokea vichakani akihema.

"Dada alikataa kula, shemeji. Alisema atakula kwa mkono wako."

"Nakuja kesho. Mwambie."

"Nimwambie nani? Kaburi linachimbwa sasa hivi."

Hemedi hakuondoa jicho kwenye kamera. Kidole chake kikabonyeza, kikabonyeza tena, ingawa dume alikuwa amekwisha kuruka, jike amerudisha mdomo ndani, na mbele ya lenzi hapakuwa na kitu ila gome la mti.