Ramani Iliyogoma Kufunguka Kahama

Ulipita hapo Kahama, mbele ya duka la Lukresia la kuchapa na kutoa kopi. Ukaona watu wazima wanaishangilia kompyuta, ukageuza shingo. Ndiyo kawaida yako. Mwaka 2009 watu wa mgodi walipokuja na vigingi vya mipaka ulisema huo ni utaratibu. Mwaka 2015 walipopaka alama nyekundu za kubomoa kwenye kuta za watu ulisema wachimbaji nao wanapenda ugomvi. Safari hii wamekuja na tovuti, na wewe una haraka. Soma basi, ukurasa wenyewe ni mmoja.

"Hiyo skrini nyeusi inasemaje?" Maduhu aliuliza.

"Inasema kuna faili inalolikosa," Lukresia akajibu bila kugeuka.

"Basi ipe."

Maduhu ni mchimbaji, tena mwenyekiti wa kitongoji cha Mwabalogi, upande wa Nyarugusu. Alifika dukani saa tatu asubuhi pamoja na Mwanaima, mama lishe wa maduarani, kwenye mashimo ya dhahabu, mzaliwa wa Lindi. Mkononi walikuwa na karatasi yenye anwani ya tovuti. Kampuni moja ya upimaji ilikuwa imechora ramani ya eneo jipya la mgodi. Kila kaya ijitafute humo, ibonyeze nyumba yake, iandike jina. Ambayo haijafanya hivyo hadi leo saa kumi jioni itahamishwa bila fidia. Na ramani haifunguki kwenye simu. Inataka kompyuta, na plagini yake, kiprogramu cha nyongeza, ndani ya brauza.

Plagini ilikubali kuingia. Ikaonyesha sanduku la kijivu, ikaishia hapo.

"Fundi, hii si kompyuta, ni redio," Maduhu akasema. "Sauti ipo, picha haina."

"Hii ni Linux, baba. Windows iliuawa na virusi vya flashi zenu."

Duka la jirani lenye Windows lilikuwa limefungwa, wenyewe wako msibani Didia.

Sasa, wachimbaji wana tabia yao. Duara lisipotoa kitu, hawasemi halina kitu. Nyundo ndiyo mbovu, kamba ndiyo fupi, aliyeshuka ndiye asiye na mkono wa bahati. Mwamba haulaumiwi. Bado futi mbili, wanasema, halafu wanashuka tena. Kwa hiyo sanduku la kijivu halikumtisha Maduhu hata kidogo.

Lukresia akaizima brauza, akaiwasha. Kijivu.

"Futi mbili," Maduhu akasema.

Akaitoa plagini, akaiweka upya. Kijivu. Akarudi kwenye skrini nyeusi, akaandika amri ndefu kama mtu anayejibu barua ya mahakama. Ndipo akagundua kwamba brauza ile ilikuja imefungiwa ndani ya boksi lake, haiyaoni mafaili ya plagini yaliyo nje.

"Kumbe ni mwali," Mwanaima akasema. "Mmemfungia ndani, halafu mnamlaumu kwamba hasalimii wageni."

Lukresia alicheka mpaka akakosea paswedi mara mbili. Akaiondoa brauza yote, akapakua nyingine isiyofungiwa. Mteja aliyekuja kutoa kopi ya cheti akaahirisha cheti, akavuta benchi.

Saa nane sanduku la kijivu likapotea. Fremu ikajichora polepole, ukaja mshale wa kaskazini, na juu kabisa likatokea jina: MWABALOGI.

Maduhu akamshika Lukresia mkono kwa mikono yake yote miwili, akamshukuru kwa Kisukuma. "Wabeja, mayo. Wabeja sana." Mwanaima akapiga kigelegele mpaka muuza vocha akaja mlangoni kuuliza nani anaolewa.

"Plagini," akajibiwa.

Katikati ya fremu palikuwa peupe.

"Picha iko njiani," Maduhu akasema. "Futi mbili, si zaidi."

Walikuwa wameshalewa kicheko. Lukresia akabadilisha dereva ya picha, ile programu inayoendesha skrini. Peupe. Akaizima mashine, akaiwasha, na benchi zima likaisindikiza kwa kuhesabu kwa sauti, moja hadi arobaini na mbili. Peupe.

"Labda nyumba yangu inaona haya," Mwanaima akasema. "Bati tatu zimetoboka." Ameishi Mwabalogi miaka kumi na saba. Nyuma ya jiko lake kuna kaburi la mumewe, alilolijengea kwa saruji aliyoibeba kichwani. Akaitazama saa ya ukutani. "Hebu tuijaribu kwa kitu kikubwa. Ile kambi ya mabosi wa mgodi nilikopika miezi sita. Ikishindwa kuonyesha bwawa lao la kuogelea, basi kweli ni mbovu."

Lukresia akaandika jina la kambi, akabonyeza.

Bwawa likatokea papo hapo, bluu. Likaja na miti yake, mmoja mmoja. Banda la mbwa. Kiti cha plastiki kilichoanguka kando ya maji. Benchi likalipuka, watu wakapigana mabegani, muuza vocha akacheza. Maduhu akasema mgonjwa amepona, sasa arudishwe nyumbani upesi, muda unakwenda.

Lukresia akairudisha Mwabalogi. Palikuwa peupe vilevile. Kwa mara ya kwanza akasogeza kishale hadi katikati ya ule weupe, akabonyeza, kikafunguka kidirisha kidogo chenye maandishi safi kabisa:

"Pori. Nyumba: hakuna. Makaburi: hakuna. Imehakikiwa kwa kufika eneo husika."

Saa kumi bado haijagonga. Ingia kwenye ukurasa wa pingamizi wa tovuti hiyohiyo, andika jina lako, andika kwamba watu hawa umewaona kwa macho yako. Sasa hivi.