Kiweke Mezani

Sahani zilikuwa tatu, na watu wa nyumba ile walikuwa wawili.

Bwana Rinsema, karani wa manispaa ya Amsterdam, aliiona sahani tupu akajifanya hakuiona. Alikunywa kahawa, akala biskuti moja aliyopewa kabla Aleida, mwenyeji wake, hajafunga kopo, kisha akaisogeza karatasi katikati ya meza, kando ya bakuli la viazi na kabichi. Ilikuwa karatasi ya kumtangaza Menno, mtoto wa pekee wa Aleida na mumewe, kuwa amekufa.

Akaisoma kwa sauti, maana ndivyo utaratibu ulivyo. Umri miaka ishirini na miwili. Alionekana mara ya mwisho Februari 1945, miezi mitatu kabla Wajerumani hawajaondoka, akitoka nyumbani asubuhi. Koti la buluu. Miwani iliyovunjika mkono mmoja, ikafungwa hapo kwa uzi mwekundu.

Aleida aliitikia kwa kichwa. Uzi ule aliufunga yeye, asubuhi ile ile, mlangoni, na Menno akamcheka kwamba anamfunga kama kifurushi cha posta.

Sasa ulikuwa mwaka 1949. Mzazi mmoja akitia sahihi, inatosha. Lakini Aleida hakutaka kutia yake peke yake. Alikuwa amechoka. Kengele ya mlango ikilia, bado alikimbilia kufungua. Alichotaka ni ruhusa ya kulia, basi. Na angeliaje, ikiwa Wijbrand mumewe hajaridhika, mtu ambaye jiji zima lilijua haridhiki ovyo?

Wijbrand alifundisha mantiki ya hisabati chuo kikuu. Miaka thelathini aligombana na wenzake juu ya jambo moja tu. Wao walisema kila neno ama ni kweli ama si kweli. Yeye aliuliza ni nani aliyelithibitisha. Ukimwambia namba fulani lazima ipo kwa sababu haiwezekani isiwepo, anakutoa darasani. Iandike ubaoni, anasema, tuione. Walimtania kwamba ukimuuliza kama mvua inanyesha au hainyeshi, atakuomba usubiri kwanza afungue dirisha.

"Profesa," alisema Bwana Rinsema, "mtu yu hai au amekufa. La tatu hakuna."

"Hilo ndilo wanalonitukania chuoni." Wijbrand hakutabasamu. "Kumkosa aliye hai si kumpata aliyekufa. Anayesema kitu kipo, akiweke mezani."

"Baba, ni miaka minne," Aleida akasema.

"Miaka si uthibitisho, Mama."

Karani akauliza, taratibu, habari za vilima vya mchanga kule pwani, walikofukuliwa vijana waliopigwa risasi na Wajerumani. Aleida ndiye aliyejibu. Wijbrand alikwenda huko Juni, vita vilipokwisha, akamkataza asifuatane naye. Alirudi jioni, akavua viatu ukumbini, mchanga ukamwagika sakafuni. Alisema hakuna maiti hata moja iliyoandikwa jina la Menno. Kesho yake Aleida akaanza kuandaa sahani ya tatu. Mume yule hakuwahi kumdanganya, hata kwa neno dogo, na kauli ile aliishika kama mtu aliyeshika kamba kisimani.

"Ndivyo, Profesa?"

"Ndivyo nilivyosema," Wijbrand akajibu, akiitazama kabichi.

Aleida alimwangalia mumewe jinsi alivyozeeka. Akaona watakufa hivi hivi, wote wawili, wakingoja kuonyeshwa uthibitisho. Akaivuta karatasi. Kalamu ya karani ilikwaruza mara mbili bila kutoa wino.

"Ipo ya Baba chumba cha kazi," akasema, akainuka.

"Kaa, Mama. Nitaileta mimi."

Alisema kwa sauti ndogo ambayo mkewe hakuizoea, lakini Aleida alikuwa ameshafika ukumbini. Juu ya meza ya kazi hakuona kalamu. Akavuta droo ya juu, ikawa makaratasi matupu. Akavuta ya chini. Nyuma kabisa palikuwa na kisanduku cha chaki, kimefungwa kwa kamba. Akakitikisa. Hakikulia kama chaki.

Alikawia kule. Hakuna aliyemfuata.

Aliporudi hakuwa na kalamu. Alisimama upande wa mumewe, akakipindua kile kisanduku juu ya sahani ya tatu. Ulitoka mchanga kwanza, mkavu, kiasi cha kijiko. Kisha miwani, na uzi wake mwekundu.