Dakika Tano za Mumewe

"Ucheke," mumewe alimwambia pale mlangoni mwa baa, akimfinya mkono uleule uliowahi kuvunjika. "Leo usipocheka, tutajuana nyumbani."

Sasa mume yuko jukwaani na maikrofoni yake. Mkewe, fundi cherehani, yuko meza ya mbele, roho juu juu, simu imelala kando ya soda ambayo hajaigusa. Watoto wao wawili wamebaki nyumbani, wamefungiwa kwa kufuli la nje, ufunguo uko mfukoni mwa baba yao kama kawaida.

Kila Jumamosi alasiri baa hii ilimwachia jukwaa yeyote anayejiona mchekeshaji. Sharti lilikuwa moja tu: dakika tano. Zikiisha, mshereheshaji anawasha tochi nyekundu kule nyuma nawe unashuka, uwe umechekesha au umechusha.

Mara ya kwanza alipopanda, mume alichusha. Hakucheka mtu, hata kwa heshima tu. Walirudi nyumbani kimya kimya, na wiki sita zilizofuata fundi alishona kwa mkono mmoja, akiwaambia wateja kwamba aliteleza bafuni. Wateja waliitikia "pole", wakatazamana.

"Mke wangu akikaanga yai," mume alianza, "majirani wanaita zimamoto!"

Kichekesho chenyewe kilikuwa kikuukuu kuliko viti vya baa. Lakini watu walipasuka kwa kicheko, wengine kabla hata hajafika kwenye zimamoto. Fundi naye alicheka, meno yakigongana kwa hofu.

Mume akavimba kichwa. Akaangaza macho huku na huku.

"Hee, hata mwalimu wa wanangu leo kaja! Mwalimu, wewe na baa wapi na wapi?"

"Nimesikia habari zako," mwalimu alijibu, soda mkononi, na watu wakaangua kicheko tena.

Dakika tano zikapita. Fundi akageuka nyuma. Tochi haikuwaka. Mshereheshaji, ambaye siku zote hakumpa mtu nafasi hata ya kumeza mate, alikuwa amekunja mikono, anacheka na wenzake.

Zikapita kumi. Zikapita kumi na tano. Vichekesho vilikuwa vimemwishia mume. Akawa anaokoteza maneno, akarudia hata yale aliyokwisha kusema, na bado wakacheka. Fundi alihesabu kila kicheko. Kila kilipofifia, aliitupia simu jicho. Wakinyamaza, atashuka. Akishuka, njia ni moja tu, ya nyumbani.

Mungu wangu, aliomba moyoni, wacheke. Wacheke kidogo tu.

"Na huyu mke wangu ni mwoga!" mume akasema, akimwonyesha kidole. "Ukimwita jina lake tu, anaomba msamaha!"

Kikaingia kimya. Kilikuwa cha pumzi moja tu. Karibu na mlango, nesi aliyemfunga plasta aliinamisha kichwa. Kisha nesi huyohuyo akakiinua, akacheka kwa nguvu kuliko wote, na baa nzima ikamfuata.

"Mnanipenda!" mume alipiga kelele, jasho likimtiririka. "Niendelee?"

"Endelea!" waliitikia kwa sauti moja.

Simu ikatetemeka juu ya meza. Ulikuwa ujumbe wa kaka yake. Fundi aliusoma mara mbili, maana macho yalikuwa yamemjaa machozi.

"Kufuli nimelikata. Watoto ninao garini, na nguo zenu zote. Tuko nyuma ya baa. Toka."

Alichukua mkoba wake, akasimama, akamwashiria mshereheshaji kwa kichwa, akatoka.

Mumewe hakuwa amemaliza sentensi yake pale baa nzima ilipoacha kucheka ghafla, ikainuka, na kujipanga mbele ya mlango aliotokea mkewe.